Njia Niliyokuwa Napita Jioni

Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, niliwachukua mke wangu na watoto wawili tukafunga nyumba yetu ya kupanga Kihonda, Morogoro, tukapanda gari kwenda Mgeta kwa mama. Nilikuwa na deni la shilingi milioni moja na laki mbili ambalo mke wangu hakulijua. Kadi yangu ya benki ilikuwa kwa mkopeshaji, pamoja na namba ya siri, na kila mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyekuwa akitoa mshahara wangu, anakata chake, mimi nakabidhiwa kilichobaki. Kwa miaka miwili, karibu kila siku iliyokuwa na mpira, nilikuwa nimeweka mkeka, yaani nimebeti kwa fedha matokeo ya mechi kadhaa kwa pamoja.

Nilijua safari ile ingenitesa. Nilishajaribu kuacha mara tatu, na kila mara ilipofika siku ya nne au ya tano nilikuwa nazunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza kitu.

Mgeta sikuteseka hata siku moja. Ni kweli ligi ya Uingereza ilisimama tarehe 13 Machi na ya kwetu ikafuata siku chache baadaye, ila mechi hazikwisha kabisa duniani. Belarus waliendelea kucheza, na wenzangu waliobaki mjini walikuwa wakibeti timu ambazo hata majina yake yaliwashinda kutamka. Simu nilikuwa nayo, na mtandao ulishika ukipanda kidogo kilimani. Sikupanda. Asubuhi nilikuwa shambani na mama tukipalilia kabichi, mchana tunakula na kupumzika, jioni ukungu unashuka milimani tunakaa jikoni kuzunguka mafiga, mama anasimulia habari za ukoo. Ilipofika wiki ya tatu nilishtuka kuona kwamba nilikuwa nimesahau. Sikuwa nimepigana na kishawishi chochote, wala sikuweka nadhiri. Kitu kilichonitawala miaka miwili kilikuwa kimeachwa mjini kama koti.

Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Jumamosi iliyofuata nilitoka sokoni nikapita njia yangu ya siku zote, ile inayopita mbele ya kibanda umiza, banda la kutazamia mpira, kisha kwenye kijiwe cha kahawa. Kabla sijafika kwenye mabenchi nikasikia watu wakishangilia goli ndani ya kibanda. Nilipoangalia mkononi, simu ilikuwa imeshafunguka kwenye orodha ya mechi. Sikumbuki kuitoa mfukoni. Sikumbuki kuamua. Jioni ile niliweka shilingi elfu sita, na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimerudi kulekule nilikokuwa mwezi Februari.

Jambo lile liliniumiza kuliko deni, kwa sababu mimi ni mwalimu. Nafundisha historia na Kiswahili, na chuoni tulisoma saikolojia ya elimu kwa lazima. Mtihani wangu ulikuwa na swali juu ya B. F. Skinner, yule Mmarekani aliyefanya majaribio kwa panya na njiwa. Niliandika kurasa nne. Nilieleza kwamba mnyama akipewa chakula kila anapobonyeza kitufe, siku chakula kikikoma anaacha kubonyeza upesi. Akipewa bila mpangilio, leo baada ya mara tatu, kesho baada ya thelathini, ataendelea kubonyeza muda mrefu sana hata baada ya chakula kukoma, maana hajui kama safari hii ndiyo ile yenyewe. Niliandika vizuri na nikafaulu vizuri. Miaka tisa baadaye nilikuwa nafanya jambo lilelile kwa kidole gumba, na hakuna sentensi hata moja ya ule mtihani iliyonisaidia.

Nilianzia ofisi ya walimu, mwaka 2018. Mwalimu mmoja kijana aliingia asubuhi ameinua simu juu, anatuonyesha ujumbe wa shilingi laki tatu na themanini zilizoingia usiku. Alinunua chapati na chai kwa ofisi nzima. Wiki mbili baadaye mwingine akashinda laki moja. Ndani ya mwezi, mazungumzo ya mapumziko yalikuwa ni nani katiki, yaani timu zake zote zimeleta matokeo, na nani kachaniwa, yaani timu hata moja imekosa na mkeka wote umepotea. Nilikuwa sibeti, na nikaanza kujiona mgeni ofisini kwangu mwenyewe. Nikaanza na jero, shilingi mia tano, ili tu niwe na la kusema.

Kuna kitu sikukiona wakati ule, na nikikumbuka leo naona kilikuwa wazi kama mchana. Aliyeshinda alikuwa akiingia na simu mkononi. Aliyepoteza alikuwa akiingia na madaftari yake, anakaa, anasahihisha. Kwa hiyo kila siku nilisikia habari za ushindi, na hesabu niliyokuwa nayo kichwani kuhusu kubeti ilijengwa kwa habari hizo peke yake. Niliamini mimi ndiye mwenye mkosi kati ya watu wenye bahati. Baadaye, tulipokuja kusemeshana ukweli, nilijua kwamba yule wa laki tatu na themanini alikuwa amekopa kwa mkopeshaji yuleyule wangu.

Mwalimu wetu wa hisabati naye alikuwa anabeti. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wengi hudhani wanaobeti hawajui hesabu. Siku moja alitufanyia hesabu kwenye ubao wa ofisi: chukua timu kumi, kila moja ina nafasi sabini katika mia ya kushinda, yaani timu ambazo sisi tungeziita za uhakika. Zidisha sifuri nukta saba kwa yenyewe mara kumi. Jibu halifiki tatu katika mia. Tulilitazama jibu, tukalijadili, tukakubaliana kuwa ni kweli. Mchana wake yeye akaweka mkeka wa timu kumi na mbili.

Timu zile nyingi zina kazi yake. Mkeka wa timu tisa ukitiki nane, moja ikachana, mtu haoni kwamba amepoteza. Anaona amekosa kidogo tu. Usiku kucha anafikiria lile goli la dakika ya tisini. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za ubongo watu wakiwa wanacheza mchezo wa kubahatisha, wakaona kwamba kukosa kidogo kunaamsha sehemu zilezile za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda, na kunamwongezea hamu ya kucheza tena. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kwamba wiki nilizobeti zaidi zilikuwa zile zilizofuata mikeka iliyochanwa na timu moja. Nilikuwa nikijisemea, “nimeshakaribia.”

Nilirudi Kihonda na hasira juu yangu mwenyewe, na nikaanza kusoma usiku, kila mtu akiwa amelala. Ndipo nilipokutana na habari ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam. Mwaka 1971 serikali yao ilipata hofu kubwa, kwa kuwa wanajeshi wengi kule walikuwa wakitumia heroini. Mtafiti aitwaye Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia waliporudi nyumbani. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa ametekwa kabisa na heroini akiwa vitani. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, kati ya wale waliokuwa wametekwa, ni kama watano tu katika mia waliorudia hali ile. Wengine waliacha, wengi wao bila matibabu ya maana. Vita ilikuwa imebaki kule, pamoja na kambi, wenzao, woga wa usiku na muuzaji aliyekuwa akija mpaka getini. Nyumbani hakukuwa na lolote kati ya hayo.

Nilisoma habari ile mara tatu. Vietnam yao na Kihonda yangu. Nyumbani kwao na Mgeta kwa mama. Nilielewa kwamba nilikuwa nimekosea swali tangu mwanzo. Kila mara nilipoanguka nilijiuliza kwa nini nina moyo dhaifu. Sikuwahi kujiuliza ni wapi, saa ngapi, na nikiwa na nani.

Ila kuelewa, kama nilivyosema kuhusu Skinner, hakukutosha. Niliendelea mpaka Januari.

Mke wangu ana makopo matatu ya maziwa ya unga juu ya kabati. Ameandika kwa wino mzito: KODI, MATIBABU, SARE. Hayana kufuli. Katika miaka yangu yote mibaya nilichukua fedha kila mahali: ya mboga, nauli, hata ya mchango wa msiba niliyotumwa kupeleka. Makopo sikuyagusa. Watu wa uchumi wangenielewa: Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti magharibi mwa Kenya kwa watu wa vikundi vya kuchangiana, ukachapishwa mwaka 2013, na mojawapo ya mambo waliyoyaona ni kwamba sanduku la kawaida tu ambalo mtu mwenyewe anashika ufunguo wake lilimwongezea sana uwezo wa kuweka akiba ya afya. Fedha ikishapewa jina na mahali pake, inakuwa ngumu kuigeuza kazi. Ukitaka kuichukua unajisikia unaiba, hata kama ni yako.

Januari 2021 binti yetu alikuwa anaanza kidato cha kwanza. Elimu haina ada, lakini sketi, mashati, viatu, sweta na madaftari ni juu ya mzazi. Ijumaa usiku nikafungua kopo la SARE nikatoa elfu arobaini. Nilikuwa na uhakika na mechi mbili. Jumatatu mke wangu akashusha kopo ili aende dukani na mtoto.

Hakupiga kelele. Alimwambia binti yetu akamsaidie jirani kuchota maji, akanisubiri nikae.

“Baba watoto, ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Ni shilingi ngapi zote? Siulizi za kopo. Zote.”

Nikamwambia. Milioni moja na laki mbili, kadi, mkopeshaji, kila kitu. Nilipomaliza nikaanza kusema kwamba kuanzia leo naapa, akaniinulia mkono.

“Usiape. Umeniapia mara ngapi ukiwa umejifungia moyoni, hata sikujua? Niambie saa unazoweka hiyo mikeka. Niambie unakuwa umekaa wapi.”

Sikuwa nimetegemea swali lile kutoka kwa mtu ambaye hakusoma saikolojia. Nikamjibu. Jumamosi, kuanzia saa tisa alasiri mpaka usiku. Kijiweni kwa mzee wa kahawa. Na siku za kazi, wakati wa mapumziko, ofisini. Fedha inatoka kwenye laini ya simu, kwa sababu mkeka hauhitaji hata kusimama.

Akachukua ile laini akaiweka kwenye simu yake. Mtu akinitumia fedha inaingia kwake. Shuleni akanifungia chakula cha mchana nikakile darasani na wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa na masomo ya ziada. Na Jumamosi akanipeleka kwenye kikoba chake, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana.

Kikoba hicho hukutana saa kumi jioni, uani kwa mwenyekiti, chini ya mwembe. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na mtindo huo ulianzia Niger mwaka 1991, kazi ya shirika la CARE, ukasambaa nchi nyingi za Afrika mpaka kwetu. Wanachama ni ishirini na saba, wengi wanawake: wauza mboga, washonaji, muuguzi mmoja, mama lishe wawili, na wanaume sita. Wanaoshika funguo ni watu watatu wa mitaa tofauti, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Hisa moja ni shilingi elfu tano, na kwa wiki huwezi kununua zaidi ya tano. Unaitwa namba yako, unasimama, unahesabu fedha mbele ya wote, katibu anagonga muhuri kwenye kitabu chako kwa kila hisa, na mtunza fedha anatamka kwa sauti kiasi kilichoingia. Kuchelewa ni faini. Simu ikilia ni faini. Kabla ya kufunga, wote tunakariri kiasi kilichomo sandukuni ili wiki ijayo kusiwe na ubishi.

Jumamosi ya kwanza sikuwa na fedha ya hisa hata moja. Mke wangu alinilipia. Nilisimama na noti yake ya elfu tano mbele ya mama anayeuza mchicha, aliyekuwa amenunua hisa nne, na sikuwa na pa kuficha uso wangu. Jumamosi ya pili niliuza redio yangu ili nisisimame tena hivyo.

Aibu ile naijua sana. Ilikuwa ileile ya ofisini mwaka 2018, ya kuwa mtu pekee asiye na la kusema. Kule ilinisukuma kubeti. Hapa ilinisukuma kuweka akiba, na mimi nilikuwa mtu yuleyule, mwenye moyo uleule, anayetaka kuonekana mwenzao kwa watu waliomzunguka. Sikuwa nimekuwa imara kuliko zamani. Nilikuwa nimebadilisha benchi.

Lakini nisifanye ionekane rahisi, maana kilichonishika zaidi sikukitegemea. Hamu ya mkeka ilipungua ndani ya wiki chache. Ile ya kijiwe ilidumu karibu mwaka mzima. Pale kwa mzee wa kahawa nilikuwa na watu. Nikifika naulizwa, “Mwalimu, leo umempa nani?” na dunia nzima inakuwa ndogo na ya kupendeza. Tulizikana, tulichangiana, mke wangu alipojifungua mtoto wa pili ni wao waliotafuta bajaji usiku. Nilipoacha kupita, simu zilikuja wiki mbili, kisha zikakoma. Jioni nilikuwa natembea njia ndefu, nazunguka nyuma ya kanisa ili nisipite pale, na nilikuwa nasikia kelele za goli kwa mbali nikijua nani anashangilia kwa sauti ipi. Siku hizo nilikuwa na uchungu ambao siwezi kuuita hamu ya fedha. Kama kuna mtu anamshauri ndugu yake aache jambo la namna hii na hajamuuliza atakuwa anakaa na nani jioni, bado hajaanza kumsaidia.

Kikoba hukopesha mpaka mara tatu ya hisa zako, na riba tunairudishia wenyewe wakati wa kugawana. Mwezi wa tisa nilikuwa nimefikisha hisa za kutosha kukopa na kumaliza sehemu iliyobaki kwa mkopeshaji. Nilipewa kadi yangu ikiwa imechakaa pembeni. Nilimpa mke wangu, akaiweka ndani ya kopo la KODI.

Tarehe 22 Novemba 2022, siku ya Jumanne, nilianguka. Kombe la Dunia, Argentina na Saudi Arabia, mechi ya saa saba mchana. Sikuwa na kipindi, nikaingia ofisini kuchukua chaki nikawakuta wote wamejaa kwenye meza moja. Mtu akasema, “Mwalimu, hii ni ya bure,” akanisogezea simu yake, nikampa elfu kumi mkononi aniwekee Argentina. Saudi Arabia walishinda mbili kwa moja.

Zamani, siku kama ile ingenirudisha mwanzo kabisa. Ningesema nimeshaharibu, basi nitafute kurudisha elfu kumi yangu. Lakini nilikuwa nimesoma utafiti mmoja wa London, wa Phillippa Lally na wenzake, waliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lianze kwenda lenyewe, ila mmoja angemaliza kwa siku 18 na mwingine angekadiriwa 254. Na kuruka siku moja hakukubomoa kilichokwisha kujengwa. Nililishika hilo la mwisho kwa nguvu zote. Jioni nilimwambia mke wangu kabla sijavua viatu. Alinyamaza kidogo, akauliza, “Ulikuwa umeingia ofisini kufanya nini?” Nikasema chaki. Keshoyake akanunua boksi la chaki, nikaliweka kwenye begi langu.

Mwaka jana mwanafunzi wa kidato cha tatu, kijana mzuri sana wa Kiswahili, aliniletea daftari la insha. Katikati kulikuwa na karatasi imeandikwa majina ya timu na namba pembeni. Sheria inasema miaka kumi na minane. Yeye alikuwa na kumi na sita. Nilimwita baada ya vipindi. Alikuja akiwa ameshainamisha kichwa, mikono nyuma, anasubiri fimbo au maneno.

Nikamwambia avute kiti. Nikamuuliza akitoka shule anapita wapi.

Akaniangalia kama hakusikia. Nikarudia.

“Napita pale kwenye mashine za dubwi, zile za kamari, mwalimu. Halafu kwa kinyozi. Kaka yangu anakaa pale.”

“Anakaa na nani?”

Akaanza kunitajia, mmoja mmoja, na ilichukua muda mrefu.